Herufi nene, yenye nyayo, iliyolala: pahali pake ni wapi mgodini?

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama uliyelipokea gazeti hili nyumbani, tunakuomba jambo moja kabla ya kuendelea. Tazama kibao cha hatari kilicho karibu nawe. Usisome neno. Tazama herufi zenyewe. Zina unene gani? Zinasimama wima au zimelala upande? Chini ya kila herufi kuna kipande kama ubao unaowekwa chini ya nguzo, au mguu umekatika hivi hivi? Watu wanapita mbele ya kibao miaka kumi bila kujiuliza maneno haya. Lakini mtu aliyekiandika alichagua, au alipaswa kuchagua. Kama alichagua vibaya, wewe ndiwe utakayesoma saa moja pahali pa saa saba, siku ya kulipua.

Leo tunasema juu ya herufi moja ambayo makarani wengi wanaipenda: ni nene, ina nyayo, tena imelala upande wa kuume. Utaiona kwenye matangazo ya mpira, kwenye milango ya magari ya mizigo, kwenye majina ya vinywaji na sigara. Ni herufi nzuri. Inaita watu. Lakini si kila mwito unafaa kupigwa mbele ya shimo lenye baruti.

Nguzo na ubao wake

Wewe unayeweka nguzo chini ya ardhi utaifahamu herufi hii upesi kuliko mwalimu wa shule. Nguzo haisimamishwi juu ya udongo mtupu. Chini unaweka ubao mnene ili isizame, na juu unaweka ubao mwingine ili mzigo wa mwamba ugawanyike. Sasa andika herufi kubwa I kama inavyochapwa katika kitabu. Mstari wa katikati ni nguzo. Vipande viwili vya juu na chini ndizo nyayo. Katika vitabu vya kawaida nyayo hizo ni nyembamba, zina ncha kama ukucha. Katika herufi tunayoisema, nyayo ni nene karibu sawa na nguzo yenyewe, na ncha zake ni mraba, kama zimekatwa kwa msumeno.

Ziko za namna mbili. Nyingine nguzo inakaa juu ya ubao moja kwa moja, pembe kwa pembe. Hivyo ndivyo ilivyo herufi iitwayo Rockwell, iliyotolewa na kampuni ya Monotype mwaka 1934. Nyingine wameweka kabari ndogo kila upande, pale nguzo inapokutana na ubao, hata pembe imekuwa mviringo. Hiyo ni namna ya Clarendon, ya London, mwaka 1845.

Nyayo zinasaidia nini? Kwanza, uchafu. Rangi ya kibao huanza kubanduka kwenye ncha. Vumbi, kutu na tope vinakula sehemu nyembamba kabla ya nyingine. Herufi yenye unyayo mnene ina akiba: ikiliwa kidogo, bado iko. Pili, tofauti. Katika herufi zisizo na nyayo, I kubwa, l ndogo na tarakimu 1 mara nyingi zinakuwa fimbo tatu zinazofanana. Ukizipa nyayo, kila moja inajulikana: I ina ubao juu na chini, l ina ubao chini na kijipembe juu upande mmoja, na 1 ina bendera yake na ubao mpana chini.

Huku kwetu jambo hilo la 1 lina maana kubwa. Tulifundishwa kuandika kwa mkono namna ya Kifaransa: 1 yenye bendera ndefu, 7 yenye mstari katikati. Kisha tunasoma kibao kilichochapwa, ambapo 7 haina mstari. Mtu aliyezoea mkono wake anaona bendera, anaona shina, anakata shauri upesi. Lakini 1 yenye unyayo mpana haiwezi kuwa 7, kwa sababu 7 inasimama juu ya mguu mmoja mtupu.

Sasa kumbuka namna tunavyohesabu saa. Katika saa ya Kiswahili, saa moja asubuhi ni saa 7 ya biro, na saa saba mchana ni saa 13. Katika kundi moja la wafanyakazi utakuta wengine wanafuata hesabu ya nyumbani na wengine hesabu ya biro. Karani akiandika "Kulipua saa 7" na kunyamaza, ameandika nyakati mbili kwa pamoja. Herufi nzuri peke yake haiponyi kosa hilo. Aandike saa kwa maneno, aeleze ni asubuhi au mchana, kisha aweke hesabu ya biro pembeni: saa saba mchana (13 h 00). Hapo hata tarakimu moja ikifutika, neno linabaki kuishuhudia.

Unene una mwisho wake

Wengine wanafikiri kwamba herufi ikizidi unene inazidi kuonekana. Siyo hivyo. Tazama 6, 8, 9, tazama a na e. Kila moja ina tundu ndani. Ukinenepesha mstari, tundu linapungua. Ukiendelea, tundu linaziba, na 6 inafanana na 8, 3 inafanana na 8, e inafanana na o. Mchonga herufi anayejua kazi yake haongezi unene tu. Anaipanua herufi nzima ili tundu libaki wazi. Tena mistari ya kulala anaifanya myembamba kidogo kuliko ya kusimama, maana macho ya binadamu yanaona mstari wa kulala kuwa mnene kuliko ulivyo.

Unataka kipimo? Kanuni za Umoja wa Mataifa juu ya kusafirisha vitu vya hatari zinatupa mfano. Sanduku la baruti linabandikwa lebo ya rangi ya machungwa iliyosimama juu ya pembe yake. Kwa vilipuzi vya migawanyo ya 1.4, 1.5 na 1.6, tarakimu kubwa ya lebo yenye upande wa milimita 100 inapaswa kuwa na urefu wa milimita 30 hivi na unene wa mstari wa milimita 5 hivi. Yaani unene ni sehemu moja ya sita ya urefu. Mpaka rangi anayeandika kibao kwa brashi hatapotea akishika kipimo hicho. Akifika sehemu moja ya nne, tundu zimeanza kufa.

Na urefu wenyewe? Waandishi wa vibao wana desturi ya kuhesabu sentimita moja ya urefu wa herufi kwa kila mita tatu za umbali. Kibao cha kusomwa kutoka mita 15 kinataka herufi za sentimita 5. Hiyo ni kwa mchana na macho mazima. Kwa taa ya kichwani, katika vumbi, sisi tungezidisha mara mbili bila kusitasita.

Herufi iliyolala

Mlazo ni kitu kingine. Chukua nguzo ya mita moja, usukume kichwa chake sentimita 20 upande wa kuume. Imelala kiasi cha digrii 11. Hicho ndicho kiasi cha mlazo wa herufi nyingi za namna hii. Kapita gani atakubali nguzo ya namna hiyo? Lakini katika maandishi mlazo huo unafanya kazi: jicho likiona kitu kimeinama mbele, linadhani kinatembea. Ndiyo maana unapendwa kwenye magari na jezi za michezo.

Kulaza herufi nene yenye nyayo si jambo la kusukuma tu. Andika o nene, kisha isukume. Pembe ya juu kuume na ya chini kushoto zitanenepa, na pembe nyingine mbili zitakonda. O imekuwa yai lililogongwa. Mchonga herufi anarudi kwa kalamu, anapunguza hapa, anaongeza pale, mpaka unene unarudi sawa. Na nyayo je? Wengine wanaziacha zilale sawasawa na mstari wa chini, wengine wanazigeuza kuwa mikia midogo kama ya mwandiko wa mkono. Herufi iliyofanyiwa kazi hiyo ni herufi ya mlazo ya kweli. Ile iliyosukumwa tu ni ya bandia.

Neno hili linagusa biro yetu ya leo. Kompyuta ya Kifaransa ina vitufe vitatu pamoja: G ya unene, I ya mlazo, S ya mstari chini. Karani anaandika tangazo la usalama, anaona ni jambo kubwa, anabonyeza vyote vitatu, tena anaweka herufi kubwa tangu mwanzo mpaka mwisho. Kama aina ya herufi aliyoichagua haina mlazo wake wa kweli, mashini inaisukuma yenyewe. Mstari wa chini nao unapita kati ya nyayo na kuziunganisha, hata neno zima linakuwa kama reli na mataruma yake. Karani amepiga kelele kwa nguvu zake zote, na msomaji hajasikia neno.

Sauti mbili zilizotoka pande mbili

Inafaa ujue kwamba unene na mlazo havikuzaliwa pamoja. Mlazo ni wa kwanza. Mwaka 1501, katika mji wa Venezia huko Italia, mchapaji Aldus Manutius alitoa kitabu kizima cha herufi za mlazo, zilizochongwa na Francesco Griffo kwa kufuata mwandiko wa mkono wa wasomi wa wakati ule. Haikuwa alama ya kukaza neno. Kilikuwa kitabu cha kusoma tu. Ni baadaye watu walipoanza kuchanganya mlazo ndani ya maandishi ya wima, ili neno moja litofautiane na mengine.

Herufi nene yenye nyayo ilitokea London, kwa Vincent Figgins, yapata mwaka 1815. Viwanda vilikuwa vinaongezeka, na kila mwenye bahati nasibu, dawa au safari ya kuuza alitaka karatasi yake ukutani ionekane kuliko ya jirani. Wakati huo Ulaya ilikuwa na shauku ya mambo ya Misri baada ya vita vya Napoleon huko, basi herufi hizo zikaitwa za Kimisri, ingawa hazina uhusiano wowote na Misri. Jina lilishika, hata miaka ya 1920 na 1930 viwanda vya herufi vilikuwa bado vinatoa herufi za namna hiyo kwa majina kama Memphis, Cairo na Karnak. Biashara ni biashara.

Kisha ikaja Clarendon mwaka 1845, ya kiwanda cha Robert Besley, iliyochongwa na Benjamin Fox. Hii ndiyo inayotuhusu sisi, kwa sababu ilitengenezwa ikae ndani ya mstari wa maandishi ya kawaida, kama katika kamusi: neno linaloelezwa ni nene, maelezo yake ni membamba. Jicho linashuka ukurasa na kushika neno moja moja. Angalia siri yake: linashika kwa sababu mengine hayakunenepeshwa.

Wazee wa Kasongo walikuwa na njia yao. Kiswahili kilichokuja na misafara kutoka pwani kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo hazina kubwa na ndogo, wala hazina mlazo wa namna hii. Mwandishi akitaka neno lionekane alibadili wino, akaandika kwa nyekundu, au alirefusha mstari unaounganisha herufi. Tippu Tip mwenyewe, aliyetawala Kasongo, aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, na Heinrich Brode akazitoa kwa herufi za Kirumi huko Berlin mwaka 1902 na 1903. Wino mwekundu ulitosha. Hakuna aliyeona haja ya kufanya mambo matatu juu ya neno moja.

Bati ya herufi

Hapa tunapita kidogo pembeni, lakini ni jambo la afya. Kwa mamia ya miaka herufi zilikuwa vipande vya madini: risasi, ile ile ya ndani ya betri ya gari, ikichanganywa na antimoni na bati. Bati hutoka katika kasiteriti, na wewe mtu wa Maniema huhitaji kuelezwa kasiteriti ni nini. Katika mashini za Linotype, zilizoanza kazi mwaka 1886 katika gazeti moja la New York, mchanganyiko ulikuwa na bati kiasi cha asilimia 4 na antimoni asilimia 11 au 12. Iliyobaki ni risasi. Antimoni inaleta ugumu, bati inasaidia madini kutiririka vizuri na kujaza kona zote za kifuo, pamoja na kona za nyayo.

Herufi iliyolala ilisumbua sana katika chuma hicho. Kichwa cha f ya mlazo kinatoka nje ya kipande chake na kuning'inia juu ya jirani, na kikigongwa kinavunjika. Wapangaji wa herufi walishika risasi kutwa, wakala bila kunawa, wakavuta moshi wa sufuria ya kuyeyushia. Wengi waliugua: maumivu ya tumbo, upungufu wa damu, mikono kulegea kwenye vifundo. Zile karakana zimekwisha karibu pote. Lakini mtu anayeyeyusha betri nyuma ya nyumba yake leo anapumua sumu ile ile, na watoto wanaocheza kwenye majivu yake wanaumizwa kuliko yeye, maana risasi inaharibu ubongo unaokua. Mama, usikubali kazi hiyo ifanywe uani.

Maandishi ya mashini

Wazee waliofanya kazi katika biro za migodi wakati wa SOMINKI, kampuni iliyoundwa mwaka 1976, watakumbuka matangazo yaliyopigwa kwa mashini ya kuandikia. Herufi za mashini zile nazo zilikuwa na nyayo, kwa sababu ya kazi. Kila herufi ilipewa nafasi sawa, m sawa na i. Ili i na l zisionekane kama nzi waliopotea katikati ya nafasi yao, walizipa nyayo ndefu. Courier, iliyochorwa na Howard Kettler kwa kampuni ya IBM katika miaka ya 1950, ni ya ukoo huo, na bado imo ndani ya kompyuta nyingi.

Mashini ya kawaida haikuwa na unene wala mlazo. Karani alikuwa na herufi kubwa, mstari wa chini, na utepe wenye nusu nyekundu kama kampuni imemnunulia. Na kwenye stensili alikuwa mwangalifu zaidi, maana kupiga mstari kwa nguvu kulipasua karatasi na o ilitoboka ikawa doa jeusi. Basi alichagua neno moja la kukaza. Umaskini wa chombo ulimfundisha kiasi. Sisi wenye vitufe vitatu hatuna wa kutuzuia.

Lile "si" dogo

Sasa tufike kwenye jambo la Kiswahili chenyewe, ambalo vitabu vya wageni juu ya vibao haviwezi kukufundisha. Mfaransa akikataza ana neno lake la kukataa, limesimama peke yake, unaweza kulinenepesha au kulilaza. Kiswahili kinaficha katazo ndani ya kitenzi. "Upite hapa." "Usipite hapa." Tofauti ni herufi mbili tu, s na i. S nene ni ya kwanza kuziba kwa rangi, na i ni nyembamba kuliko zote. Tone moja la tope likianguka pale, kibao kimegeuza amri yake na kumkaribisha mtu ndani. "Hairuhusiwi" na "inaruhusiwa" vilevile: msomaji wa haraka, amechoka, taa imepungua, anashika katikati ya neno na kuacha mwanzo na mwisho.

Ukilaza na kunenepesha "usipite" nzima, bado lile "si" limezama kati ya wenzake. Njia bora ni kuanza na neno la katazo linalosimama lenyewe: MARUFUKU, au HATARI. Neno hilo ndilo la kupewa unene na nyayo, tena wima, kwa herufi kubwa. Halina mapacha. Hata likiliwa kidogo na kutu, haligeuki kuwa ruhusa. Chini yake unaandika kwa herufi ndogo za kawaida, kwa maana sentensi ndefu ya herufi kubwa tupu inachosha jicho. Kwa mfano:

HATARI
MARUFUKU KUPITA
Kulipua: saa saba mchana (13 h 00).
Ungoje hapa mpaka kapita atakapokuita.

Utaona kwamba mstari wa mwisho umesema jambo la kufanya, si la kutofanya. Na kama unataka herufi yetu nene iliyolala ipate mahali, iweke pale penye neno "mpaka". Neno moja. Ndiyo kazi yake iliyo halali: kusema kwamba hapa, katika mstari huu uliotulia, sauti imepanda.

Kwenye vyombo vya sianidi, pale dhahabu inapotolewa kwa dawa hiyo, mlazo mnene tungeuondoa kabisa katika tarakimu. Maji ya sianidi yanawekwa kwenye kipimo cha pH cha juu, zaidi ya 10, kwa sababu kikishuka hewa ya sumu inatoka. Andika 10,5 kwa herufi nene iliyolala, nafasi ndogo: koma inanasa chini ya sifuri, na mtu anasoma 105, anacheka, anadhani kibao kimekosewa, na kutoka siku hiyo hakiamini tena. Tarakimu zisimame wima, zipewe nafasi, na koma ionekane kama koma.

Vibao vya lugha mbili

Vibao vyetu vina Kifaransa na Kiswahili, na hapa mlazo unaweza kufanya kazi nzuri. Huko Ireland vibao vya barabara vinaandika jina la mahali kwa Kiayalandi kwa herufi za mlazo, na kwa Kiingereza kwa herufi kubwa za wima. Dereva anajua mara moja mstari gani ni wake, hachanganyi. Nasi tunaweza kufuata. Ila swali ni hili: ni lugha gani ilale? Kwa maoni yetu, upande huu wa Lusangi, Kasongo na Kabambare, Kiswahili kisimame, Kifaransa kilale chini yake. Mchimbaji, mchuuzi anayeleta mihogo, mtoto anayemletea baba chakula, wote wanakutana katika Kiswahili. Lugha inayosomwa na wengi ndiyo ipewe nguzo wima.

Tena usitumie mlazo kwenye kibao chenye mshale wa kushoto. Herufi zinakimbilia kuume, mshale unavuta kushoto, na mtu anayetafuta njia ya kutokea wakati wa moshi hana nafasi ya kuamua nani msema kweli.

Wale wasiosoma

Herufi hata ikiwa nzuri namna gani haimfikii asiyesoma. Kwa hiyo umbo na rangi vitangulie. Alama za kimataifa zinakubaliana: duara jekundu lenye mstari wa kukata ni katazo, pembetatu ya manjano yenye ukingo mweusi ni onyo, duara la buluu ni lazima, kama vile kuvaa kaske, mraba wa kijani ni njia ya kutokea au msaada wa kwanza. Wewe uliyesoma, wafundishe nyumbani alama hizo nne kwa kuzichora ardhini kwa kijiti. Inatosha jioni moja.

Watoto waambiwe zaidi. Detonateri iliyoanguka ni kitu kidogo kinachong'aa, mara nyingine kina nyuzi za rangi, kinapendeza mkononi. Maandishi yake ni madogo mno, na mtoto hatayasoma kabla ya kukigonga kwa jiwe. Asikiguse, asikirushe, asikilete nyumbani. Akumbuke mahali, amwite mtu mkubwa, na mtu mkubwa amwite mhusika wa baruti.

Kabla ya kutundika kibao kipya, kijaribuni. Msimpe kazi hiyo karani aliyekiandika, maana yeye anakijua kwa moyo. Mpeni mtu wa zamu ya usiku, mwenye taa yake ya kichwani, asimame mbali kadiri kitakavyosomwa. Pakeni vumbi la mgodi juu ya kibao kwa kiganja. Asome kwa sauti mara moja, bila kurudia. Akikwama kwenye neno, hesabuni neno hilo limekufa, likaandikwe upya. Upande wa pili wa ubao huwa ungali mzima na unaweza kutumika. Lakini yale ya zamani yafutwe kwanza mpaka mbao ionekane, kusiwe na saa mbili za kulipua kwenye kibao kimoja, moja mbele na moja nyuma.